Kaseti mbili, medali nne na daraja la Kalewa: uchambuzi wa kisa cha baba aliyetoka shamba la setla hadi Burma

Mzee alifariki akaacha kaseti mbili za dakika 60, medali nne zilizoshonwa pamoja kwenye pini moja, picha moja ya lori, na bahasha ya kaki isiyo na kitu ndani. Aliacha pia watoto watano, na kila mmoja ana vita vyake vya baba. Wa kwanza anasema baba alipigana na Waitaliano huko Ethiopia. Wa pili anasema alikuwa Keya, askari wa bunduki. Binti wa tatu anasema alinusurika meli ilipozama baharini. Wawili wa mwisho hawana habari yoyote ila kwamba baba hakuruhusu mtu alale na soksi mbichi, na hakueleza kwa nini.

Familia hii hatuitaji. Kisa tumekisuka kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa nchini Kenya. Sheria, tarehe za vita na vifaa vinavyotajwa ni vya kweli, na njia iliyofuatwa inaweza kufuatwa na yeyote mwenye kasha kama hilo chini ya kitanda. Kazi waliyojipa watoto ilikuwa kuandika kurasa chache za kusomwa siku ya kumbukumbu, zisemazo mzee alikotoka na alikopita, bila uongo. Ugomvi ulianza kabla ya kalamu kushikwa, kwa sababu kila mmoja alitaka vita vyake ndivyo viandikwe.

Kaseti kwanza, mabishano baadaye

Kosa la kwanza nusura lifanyike siku ile ile: mmoja alitaka kuchomeka kaseti kwenye redio ya gari. Kaseti ya miaka ya themanini haichezwi hivyo. Kwanza itazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu. Usiicheze, itaharibu utepe na mashine pia. Kama ni safi, vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha tazama mdomo wa kaseti, katikati: pana kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye kibati chembamba. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na kichwa cha kusomea. Gundi yake hukauka, sufi hudondoka, na hapo sauti husikika hafifu kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Watu husema kaseti imekufa, ikatupwa. Haijafa. Hapa kaseti ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ilifunguliwa skrubu zake tano, magurudumu mawili ya utepe yakahamishiwa kwenye gamba la kaseti nyingine nzima, ikasema.

Kabla ya kusikiliza, utepe ulizungushwa mbele hadi mwisho na kurudishwa bila kuchezwa, ili tabaka zilizogandana ziachiane. Kichwa cha mashine na gurudumu la mpira vilifutwa kwa pamba yenye spiriti. Sauti ilitolewa kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, ikahifadhiwa kama faili ya WAV ya kilohezi 48 na biti 24. Kuweka simu mbele ya spika ni njia ya mkato inayoingiza kelele za chumba kizima, na kelele hizo hazitoki tena.

Upande wa mwisho wa kaseti ya pili ulileta kizaazaa. Sauti ilikuwa nyembamba na ya haraka, na binti akasema huyo si baba. Ni baba. Betri za redio zilikuwa zikiisha wakati wa kurekodi, mota ikazunguka polepole, kwa hiyo ukicheza kwa mwendo wa kawaida maneno hukimbia. Kwenye programu ya Audacity mwendo ulipunguzwa kidogo kidogo hadi kikohozi cha mzee kikafanana na kile cha upande wa kwanza. Alikuwa na kikohozi chake, kila mtu nyumbani alikijua.

Kisha yakaja maandishi, neno kwa neno, pamoja na dakika zake pembeni. Tenga dakika sita hadi nane za kuandika kwa kila dakika moja ya sauti; anayesema atamaliza jioni moja atakuwa anafupisha, na anapofupisha huingiza maneno yake mwenyewe. Katika kuandika huko lilijitokeza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kwa miaka yote: mzee anasimulia utoto wake kwa Kikuyu na jeshi kwa Kiswahili. Anahama katikati ya sentensi bila kujijua. Aliyoyafanya kwa mikono yake vitani anayasema kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya kambi. Anapoeleza habari aliyoisikia kwa wengine, anarudi Kikuyu. Si kanuni ya kumpima kila mzee, lakini kwa sauti hii ilishika tangu mwanzo hadi mwisho, na ilikuja kuamua jambo moja kubwa.

Shamba, na mwaka wa kuzaliwa

Alizaliwa kwenye shamba la setla, yaani mkulima mzungu, kati ya Njoro na Molo, kwa wazazi skwota. Maana ya neno hilo wajukuu hawaijui, kwa hiyo ilibidi iandikwe. Baba yake aliruhusiwa kujenga kibanda, kulima kipande na kulisha mifugo kwenye ardhi ya mzungu, na malipo yake yalikuwa kumfanyia huyo mzungu kazi. Sheria ya 1918 iliweka kiwango kisichopungua siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliyapa mabaraza ya masetla uwezo wa kupandisha siku hizo hadi 270 na kupunguza mifugo ya skwota.

Mwaka wa kuzaliwa haukuwa umeandikwa popote. Kijana wa kwanza alisema 1918, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusikia. Kaseti haitaji mwaka hata mmoja, ila inataja mambo matatu. La kwanza: mbuzi wa baba yake walichukuliwa wakati wa kifagio, “mimi nikiwa mgongoni mwa mama.” Kifagio ndilo jina ambalo skwota wenyewe waliupa msako wa kuondoa mifugo yao mashambani katika miaka ya ishirini. La pili: alipiga debe siku nzima pembeni mwa ngano kuwafukuza nzige, na alikuwa tayari anachunga ndama. Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwaka 1928 na kusumbua hadi 1931. La tatu: alipewa kipande, kitambulisho cha kazi, muda mfupi kabla ya vita vya Hitler.

Kipande ni ushahidi mzuri hata pale karatasi yenyewe ilipopotea. Kilitakiwa kwa kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 hivi, kikiwa na alama za vidole, jina la mwajiri na siku ya kuanza na kuacha kazi, na kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mtoto wa mgongoni katikati ya miaka ya ishirini hawezi kuwa amezaliwa 1918. Mchunga ndama wa 1929 au 1930 ana miaka saba au minane. Kijana wa kipande cha 1938 au 1939 ana kama 16. Mambo matatu yanakutana kwenye 1922 au 1923, na kwenye kurasa iliandikwa “karibu 1922 au 1923.” Lile neno “karibu” lilipigiwa kelele sana, na lilistahili kubaki.

Kuna hatari hapa inayowanasa wengi. Nzige walirudi tena miaka ya arobaini, na mifugo ya skwota ilipunguzwa tena katika miaka hiyo hiyo chini ya sheria mpya. Ukichukua tukio moja peke yake unaweza kukosea kwa miaka 15. Tukio hupimwa pamoja na kazi aliyokuwa akiifanya mtu: anayebebwa mgongoni, anayechunga ndama na anayelimia ng'ombe hawana umri mmoja.

Na kuhusu kulima, kaseti inakaa hapo kwa dakika 11, na kurasa zilistahili kukaa pia. Plau ilivutwa na ng'ombe 16, jozi nane, kwenye mnyororo mmoja mrefu. Mwenye mjeledi alitembea kando. Mbele kabisa alitembea mtoto, ameshika ukanda wa ngozi uliofungwa kwenye pembe za jozi ya kwanza. Mtoto huyo ndiye mzee. Kazi ilionekana nyepesi mpaka mfike mwisho wa shamba. Mtoto akikata kona karibu, jozi za mbele zinageuka wakati za nyuma bado zinavuta moja kwa moja. Mnyororo unalegea katikati, ng'ombe wa jozi ya nne au ya tano anauruka, mguu unaingia ndani, na zikivutwa tena anaanguka. Vijiti vya nira vinavunjika na wengine wanakanyagana. Dawa yake ni kutoka nje ya mtaro hatua nyingi kabla ya kugeuka, uchore kona pana, na usitazame nyuma, kwa sababu ukitazama nyuma miguu yako inapunguza mwendo nao wanakupanda mgongoni. Alijifunza hayo akiwa na miaka 12 hivi.

Dada yake mdogo, shangazi wa watoto hawa, ndiye shahidi pekee aliye hai. Yeye hakuwa na ng'ombe, alichuma pareto na mama yake. Huchumwa ua lililofunguka, bila kikonyo, na shamba hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Maua mabichi kilo nne hivi hutoa kilo moja makavu, kwa hiyo kikapu kilichojaa asubuhi kilikuwa kitu kidogo sana jioni. Anakumbuka kupiga chafya na macho kuwasha. Wakati wa vita pareto ya Kenya ilinunuliwa kwa ajili ya dawa za wadudu za majeshi ya washirika. Kaka yake alikuwa askari Burma, Myanmar ya leo, katikati ya mbu, naye akichuma maua hayo Molo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kazi zao zilikutana.

Waitaliano walikuwa wapi?

Kaseti inasema: “Waitaliano tulikuwa nao kule chini, kazi ya barabara, mimi nawaletea mawe na posho.” Kijana wa kwanza aliyasikia maneno haya tangu utotoni na akayapeleka Ethiopia, na ni rahisi kuona kwa nini. Askari wa Afrika Mashariki waliingia Ethiopia kutoka Kenya mwanzoni mwa 1941, Addis Ababa ikatwaliwa tarehe 6 Aprili, na Gondar ikaanguka Novemba mwaka huo.

Medali ndizo zilizojibu. Nne zile ni Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma, Medali ya Ulinzi na Medali ya Vita ya 1939–45. Hazina jina la mtu; medali hizi za Uingereza zilitolewa bila kuchongwa majina, kwa hiyo mtu asihangaike kulitafuta pembezoni. Aliyekuwa vitani Ethiopia kabla ya tarehe 27 Novemba 1941 alistahili Nyota ya Afrika, na hiyo haipo. Je, haiwezi kuwa ilipotea? Inaweza, ndiyo maana pini ilitazamwa kwa makini kabla ya kusema lolote. Medali huvaliwa kwa mpangilio maalumu, na Nyota ya Afrika hukaa kati ya Nyota ya 1939–45 na ile ya Burma. Hapa tepe hizo mbili zimeshonwa zikigusana, uzi ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, umechakaa sawasawa, na hakuna tundu la sindano lililobaki wazi. Hakuna kilichotolewa katikati.

Basi Waitaliano wa barabara ni wale wafungwa wa vita walioletwa Kenya, wakatumiwa kujenga barabara ya kuteremka bondeni kutoka upande wa Nairobi kuelekea Naivasha. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado liko Mai Mahiu kando ya barabara, na watoto hawa wote wamelipita mara mia. “Kule chini” ni chini ya mteremko ule. Mzee hakusema uongo hata kidogo. Hakutaja Ethiopia, masikio ya nyumbani ndiyo yaliyoitaja.

Keya asiyekuwa Keya

Mwana wa pili alikuwa ametafuta jina la baba kwenye orodha za vikosi vya bunduki vya KAR (King's African Rifles) kwa miaka miwili na hakulipata. Tatizo lilikuwa neno. KAR ndiyo iliyozaa neno Keya, na mitaani kila aliyevaa sare aliitwa Keya, awe wa bunduki, wa sepetu au wa usukani. Mzee mwenyewe anasema “tulipokuwa Keya.” Lakini picha inasema jambo jingine. Yuko amesimama kando ya lori la mizigo, na kwenye bega lake, ukikuza, kuna herufi tano: EAASC. Hicho ni kikosi cha uchukuzi na ugavi cha jeshi la Afrika Mashariki. Alikuwa dereva.

Herufi hizo hazikuonekana kwenye picha iliyopigwa kwa simu, kwa sababu kioo cha fremu kilirudisha mwanga. Picha ilitolewa kwenye fremu, ikaskaniwa kwa nukta 1,200 kwa inchi, mbele na nyuma. Kama picha imegandana na kioo usiibandue. Iskani ikiwa humo humo. Kwenye madigadi ya mbele kuna kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na mraba wenye namba ya kikosi. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa mlango unaofuata. Shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Burma zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, kwenye kundi WO 172, na hutafutwa kwa jina la kikosi. Anayetafuta jina la babake humo atavunjika moyo: shajara hutaja maofisa kwa majina, na askari Waafrika kwa idadi. Lakini husema kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hilo ndilo linalotakiwa.

Tope, kisha daraja

Divisheni ya 11 ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943 kwa mazoezi. Katikati ya 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal, India, ilitumwa kuwafukuza kupitia bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, msimu ambao majeshi mengine hayakutaka kusogea. Malaria na homa ya vichakani (scrub typhus) iletwayo na utitiri ziliangusha watu wengi. Askari walimezeshwa vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, kila siku hadi ngozi ikawa ya manjano, na mzee anacheka kwenye kaseti anapokumbuka macho ya wenzake.

Barabara ilikuwa udongo tu. Magogo yalilazwa ubavu kwa ubavu ili magari yasizame, na pasipopitika chakula kilidondoshwa na ndege au kikabebwa vichwani na wapagazi. Maelezo yake ya kuendesha humo ni ya fundi. Unaingia topeni na gia ndogo tangu mwanzo, kwa sababu ukibadilisha katikati lori linapoteza mwendo na halianzi tena. Hukanyagi breki kwenye magogo, yatateleza yote kama meno ya kitana. Gurudumu likizunguka bure, acha mara moja. Kila mzunguko unachimba, na ekseli ikishakaa chini mnahitaji winchi na mti mkubwa. Halafu anasema hivi, kwa Kiswahili: “Kona ya tope ni ile ile ya ng'ombe. Toka nje kwanza, ndipo ugeuke.” Watoto walikuwa wamelisikia neno hilo mara nyingi wakidhani ni methali yake tu. Sasa ndipo lilipopata mwili, na soksi mbichi nazo.

Daraja linakuja kwenye upande ule wa sauti nyembamba. “Lililala juu ya maji. Ukipanda linashuka mbele yako, linainuka nyuma. Unaambiwa mwendo wa mtu anayetembea, na usisimame.” Kalewa ilitwaliwa mwanzoni mwa Desemba 1944, na katika mwezi huo huo wahandisi walifunga daraja la Bailey, la vipande vya chuma vinavyounganishwa, lenye kuelea juu ya mto Chindwin, futi 1,154, yaani kama mita 352. Wakati huo hapakuwa na daraja la Bailey lenye urefu huo duniani. Madaraja ya kuelea yalikuwepo pia kwenye mto Irrawaddy, kwa hiyo dai lilihitaji kupimwa. Baada ya daraja, mzee anasema, “wakatugeuza, tukarudi India.” Divisheni ya 11 iliondolewa mstari wa mbele baada ya Chindwin na kurudishwa India, haikuendelea hadi Irrawaddy. Daraja lake ni la Kalewa.

Meli

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Binti alikuwa amemweka baba yake kwenye maji hayo tangu akiwa msichana. Kaseti inasimulia meli kwa dakika mbili, kwa Kikuyu, na kitenzi chake cha kwanza ni “tulisikia.” Alikuwa tayari Ceylon. Kisha anakaa kimya kwa sekunde tisa, kimya kirefu kuliko vyote kwenye kaseti zote mbili, na anataja kijana wa shamba la jirani aliyekuwa kwenye mizinga.

Binti alilia, kisha akaomba jambo la haki: habari hiyo isifutwe. Ikaandikwa kama ilivyo, kwamba baba alimpoteza rafiki kwenye meli hiyo. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliokufa humo wasio na kaburi yako kwenye kumbukumbu iliyo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na yanaweza kusomwa kwa macho.

Kurasa zenyewe

Ziliandikwa kwa safu mbili. Kushoto ni maneno ya mzee, kwa lugha aliyoyasemea, na dakika ya kaseti. Kulia ni kile kilichothibitishwa na kwa nini. Penye shaka paliandikwa shaka. Safu ya kushoto haikusahihishwa popote, hata alipokosea jina la mji. Medali hazikupigwa brasho wala kung'arishwa. Zilifungwa kwa karatasi isiyo na asidi. Nakala za sauti ziliwekwa mahali patatu, nyumba tatu tofauti.

Ilibaki bahasha ya kaki. Ukubwa wake ni wa kitabu cha kuachishwa jeshi, na mkunjo wa kitabu hicho bado unaonekana. Shangazi alipoulizwa alisema kwamba skwota Wakikuyu walipokuwa wakipakiwa kwenye malori kurudishwa walikosemekana kuwa kwao, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, kaka yake alikizika kitabu hicho chini ya ghala, kwa kuogopa kwamba aliyefunzwa na jeshi angeshukiwa zaidi ya wengine. Bahasha akabaki nayo mfukoni. Maneno yake yaliandikwa kwenye karatasi ya peke yake, yakatiwa tarehe, yakawekwa ndani ya bahasha.